Acheni Kupaka Rangi Nyufa

Kila mtoto aliyepita shule ya msingi Kenya ameandika insha yenye "usipoziba ufa utajenga ukuta". Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na fundi mwenye mkebe wa filla anayeitumia hiyo methali kama barua ya kuomba kazi. Kwa nyumba nyingi za Kitengela, Ruai, Utawala, Syokimau, Mlolongo na Joska, ufa hauko ukutani. Ukutani ni pale unapojionyesha tu. Shida yenyewe iko chini, kwa udongo, na hakuna mtu amewahi kuziba udongo kwa rangi ya krimu.

Niseme msimamo wangu mapema tusipotezeane muda. Kama nyumba yenu iko juu ya ule udongo mweusi, ule wasee wa mjengo wanauita bleki koton, na imeanza kupasuka, shilingi ya kwanza isiende kwa rangi. Iende kwa maji: gata, mitaro, paipu, septiki. Rangi ndiyo ya mwisho kabisa. Anayekuambia uanze na rangi, hata kama amevaa helmeti na ana kipimo mfukoni, anakula pesa yako.

Wengi wenu mnaujua huu udongo kwa viatu. Mvua ikinyesha Ruai unashuka matatu na kiatu cha kawaida, ukifika kwa geti umebeba shamba. Halafu jua la Januari likiwaka, udongo ule ule unakauka na kupasuka mpaka mkono unaingia. Watoto hupotezea mipira midogo mle ndani. Sasa chukua nyumba ya mawe, iweke juu ya kitu kinachopanda na kushuka hivyo kila mwaka, halafu ujiulize kwa nini mlango wa bedroom haufungi mwezi wa tano.

Kinachofanyika ni hiki. Ndani ya huo udongo kuna madini ya jamii ya smektaiti, yaliyopangana kwa matabaka membamba sana kama kurasa za kitabu. Maji yakiingia yanakaa kati ya kurasa na kuzisukuma, na udongo unavimba. Maji yakitoka kurasa zinarudi pamoja, na udongo unasinyaa. Wanasayansi wa udongo huuita vatisoli, jina lililotokana na neno la Kilatini la kugeuza, kwa sababu udongo huu hujigeuza wenyewe: wa juu unaangukia kwa mipasuko, unamezwa, na wa chini unasukumwa juu. Jina la pamba lilitoka India, ambako udongo wa aina hii unajulikana kwa kilimo cha pamba. Hapa kwetu mashamba ya Mwea yanauonea fahari, maana unashika maji na mpunga unastawi. Mpunga unapenda kukaa ndani ya maji. Ukuta wa mawe haupendi.

Na si Nairobi yote iko hivi. Kwa ujumla upande wa magharibi, ukielekea Kikuyu na Kiambu, kuna udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri na haufanyi drama. Mashariki na kusini, kwa ile tambarare inayoteremka kuelekea Athi River, ndiko kweusi. Sasa angalia ramani ya bei za ploti na uniambie watu wa mshahara wa kawaida wananunua wapi. Sisemi kuna mtu alipanga. Nasema waliokuwa na doo walifika kwa mwekundu kwanza, na wazazi wetu wakabaki na mweusi, wakalipa kwa mkopo wa sako miaka kumi.

Halafu hali ya hewa ikaingilia. Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika sehemu nyingi za nchi. Udongo ukakauka kuliko kawaida. Mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na Aprili na Mei 2024 mafuriko ambayo nyote mnakumbuka. Yaani kitabu kilichoanikwa miaka miwili kikatupwa ndani ya ndoo. Kama nyufa za kwenu zilifunguka kipindi hicho, si jirani amewaroga.

Kuna kitu kinachoshangaza watu nikikisema: nyumba nyepesi ndiyo inayoumia zaidi. Ghorofa zito linaweza kuushinda udongo ukitaka kuvimba, na pia liliposimamishwa kuna uwezekano injinia alilazimishwa kufika kwa mwamba. Bangalo la vyumba vitatu halina huo uzito. Udongo unaliinua kona moja bila hata kutoa jasho. Na ni kona moja, ndiyo shida yenyewe. Nyumba ingepanda yote kwa pamoja na kushuka yote kwa pamoja, usingeona ufa wowote. Lakini udongo ulio katikati, chini ya sakafu, umefunikwa, hivyo unyevu wake haubadiliki sana. Wa pembeni unapigwa jua na mvua. Kona moja iko karibu na septiki inayovuja, nyingine iko karibu na mkaratusi unaokunywa maji usiku na mchana. Kila kona na maisha yake. Mawe hayajui kupinda, kwa hivyo yanapasuka, na mara nyingi utaona ngazi: ufa unaanzia kona ya dirisha na kupanda ukifuata mistari ya simiti, jiwe baada ya jiwe.

Nyumba ya mathe iko upande wa Joska, kwa hivyo haya siyasemi kutoka kwa kiti. Ufa wa kwanza ulitokea mwaka wa pili baada ya kuhamia. Fundi akaitwa, akaugonga ukuta kwa kidole kama daktari, akasema, "Mama, usijali, nyumba mpya lazima ikae." Akapaka, akalipwa 18,000. Mvua ya pili ufa ukarudi na mwenzake. Fundi akaja tena na wimbo ule ule, nyumba inakaa. Mara ya tatu mathe akamuuliza, "Fundi, si uniambie inakaa mpaka lini, ndio nami nikae?" Hakujibu. Alichanganya filla.

Pesa ya hizo safari tatu za rangi ingenunua gata za nyumba nzima na tanki. Nilipiga hesabu, na wewe unaweza kupiga ya kwenu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 120 za mraba, mvua ya milimita 30, hiyo ni lita 3,600. Mapipa 18 ya lita 200, kwa mvua moja, yote yakimwagwa futi moja kutoka kwa ukuta, palepale msingi ulipo. Nyumba yetu haikuwa na gata hata moja. Ilikuwa na siling'i ya jipsamu yenye taa za rangi ya buluu.

Hiyo siling'i ndiyo ugonjwa wetu. Tunajenga ya kuonekana. Mtu anabana vyuma vya msingi halafu anaagiza mlango wa mbele unaokaa wa benki. Na mtu wa kwanza kubanwa kwa mjengo wowote wa Kenya ni yule wa kupima udongo. Anaitwa anakula pesa ya bure, "kwani si udongo ni udongo tu?" Plani inakopwa kwa nyumba ya binamu iliyojengwa Kikuyu, kwa udongo mwekundu, msingi wa futi tatu, na inapigwa chini Joska vilevile.

Injinia tuliyempata mwishowe hakuangalia ukuta kwa muda mrefu. Aliomba jembe. Alichimba shimo kando ya msingi pale kona ya choo, na kwa futi tatu tukaona zege la msingi limekaa juu ya udongo mweusi ti, unaoteleza kama sabuni. Akaendelea kuchimba pembeni. Kwa futi sita jembe likagonga mwamba. Futi tatu tu zaidi! Hizo futi tatu ndizo zilikuwa tofauti ya nyumba iliyosimama na nyumba inayopumua.

Sasa tuje kwa kurekebisha, maana wengi wenu nyumba zishajengwa na ushauri wa "mngefanya hivi" hauna maana tena.

Ukitafuta video za kurekebisha msingi, utaletewa Texas. Dallas wana udongo wa tabia hii hii, na wana biashara kubwa ya kuinua nyumba: nguzo za chuma zinasukumwa chini, jeki zinainua, kwisha. Wakati wa ukame kuna watu huko hulaza mipira ya maji kuzunguka nyumba ili udongo usikauke. Nimeona watoto wa hapa wakitumia wazazi hizo video. Tulieni. Nyumba nyingi za kule ni fremu ya mbao, zinaweza kuinuliwa kidogo bila kulia sana. Yetu ni mawe na simiti. Ukiliinua kwa jeki, ukuta ambao haukuwa na ufa utaupata. Na hiyo ya kumwagilia msingi, jamani, mtaani kwetu maji ya mfereji huja Jumanne.

Kwetu kazi inaanza na kuzuia unyevu usibadilike-badilike. Gata kwa kila upande wa paa, paipu ishuke hadi kwa tanki, na tanki likijaa maji ya ziada yaelekezwe mbali, si kwa kona ya jikoni. Kisha ukanda wa zege kuzunguka nyumba, upana wa mita moja kwenda juu, ukiinama kutoka kwa ukuta ili maji yakimbie nje. Pale ukanda unapokutana na ukuta usijaze simiti ngumu, weka kitu kinachovutika, la sivyo nao utapasuka na maji yapate mlango. Chunguza paipu za choo na za bafu, kwa sababu mvujo mdogo wa chini ya ardhi unaweza kuinua kona moja mwaka mzima bila mtu kujua. Mti mkubwa ulio karibu na ukuta unahitaji mazungumzo, lakini usiukate leo na kuung'oa kwa hasira. Mti uliozoea kunyonya maji ukitoka ghafla, udongo uliokuwa umekauka chini yake unaanza kuvimba. Uliza injinia kwanza.

Baada ya hapo unangoja. Najua hakuna mtu anapenda kusikia neno hilo. Na hapa ndipo wewe, uliye na miaka 19 na simu, unakuwa wa maana kuliko fundi yeyote. Chukua penseli. Chora mstari mfupi upande huu na upande huu wa kila ufa, andika tarehe, pima kwa rula, piga picha. Rudia kila wiki mbili. Pitisha mvua ndefu, kiangazi, mvua fupi, kiangazi. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga mvua, au kinyume chake, huo unaendeshwa na udongo. Ufa ambao haujasonga mwaka mzima ni kovu tu, huo sasa unaweza kuupaka rangi na baraka zangu. Injinia wengi hutumia kipimo cha Waingereza: hadi milimita 5 ni mambo ya plasta na mlango kukwama kidogo, 5 hadi 15 ni ya kuita mtu anayejua, zaidi ya 15 ni kazi kubwa. Ila ufa wa milimita 4 unaokua kila mwezi unanitisha kuliko wa 8 uliolala. Na vile vimistari vyembamba kama unywele kwa plasta mpya, vinavyoenda kila upande kama ramani ya matatu, hivyo ni plasta ilikauka haraka. Msikimbizane.

Kwa mathe tulihesabu nyufa nne. Baada ya gata, ukanda na paipu ya choo kubadilishwa, tatu zimelala misimu miwili sasa. Ya nne, ile ya kona ya choo, iliendelea kutembea. Kwa hivyo kona hiyo pekee ndiyo iliyochimbwa na kupewa msingi mpya chini ya ule wa zamani, hadi kwa mwamba. Mngekuwa mmeanza na kazi ya msingi nyumba nzima, bei yake ingemfanya mathe auze ploti.

Hiyo kazi ya kuchimba chini ya msingi nataka muiangalie kwa macho mawili, maana ndiyo inayoweza kuua mtu. Inachimbwa vipande vifupi, mita moja hivi, na si vinavyofuatana. Unachimba kipande hapa, unaruka, unachimba kingine kule. Zege linamwagwa, linaachwa likomae, pengo dogo lililobaki kati ya zege jipya na msingi wa zamani linajazwa simiti kavu iliyoshindiliwa, ndipo unarudi kwa vipande vilivyorukwa. Inachukua wiki. Fundi akija na vijana sita na kuchimba ukuta mzima kwa siku moja ili amalize haraka, watoe wote mle ndani na umpigie injinia. Ukuta ulioachwa bila kitu chini haupigi kelele kabla ya kulala.

Ukishapata msingi uliotulia, vyuma vyembamba vinalazwa kwa mistari ya simiti kuvuka ufa na kufunikwa, halafu plasta, halafu ile rangi yako. Mwaka mmoja na nusu baada ya ufa wa kwanza. Hapo sawa.

Naisikia ile hoja ya kila siku: nusu ya Nairobi iko juu ya bleki koton na haijaanguka, wacha kutisha watu. Ni kweli haijaanguka, na hicho ndicho ninachosema. Huu udongo haujalaaniwa. Ukiuondoa na kujaza mawe na maramu iliyoshindiliwa, au ukifikisha msingi kwa mwamba, au ukajenga juu ya bamba moja la zege lenye vyuma linaloelea pamoja, unakaa vizuri tu. Hata chokaa ikichanganywa nao inapunguza kuvimba, wajenzi wa barabara wanajua hilo kitambo. Elimu ipo. Kanuni mpya ya ujenzi ya taifa ya 2024 ilianza kutumika 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 1968. Ila karatasi haichimbi shimo. Jengo likiporomoka, kama lile la Huruma 2016, kuna kamera na mawaziri. Nyumba ya mama yako ikipasuka polepole hakuna anayekuja, isipokuwa yule wa filla.

Sasa, wenzangu wa kamera. Mwaka jana muuzaji mmoja wa ploti alinitumia ujumbe, anataka video ya sekunde 60: drone, muziki, "50 kwa 100, taito tayari, stima iko, dakika tano kutoka lami." Niliuliza swali moja: udongo ni gani, na mwamba uko futi ngapi? Jibu: "Boss, hiyo haiulizwi na wateja." Sikufanya hiyo video. Wiki iliyofuata niliiona kwa ukurasa wa mwingine, ameruka-ruka kwa nyasi kavu akiwa na raba nyeupe, na nyuma yake kwa ardhi unaona mipasuko mikubwa waziwazi. Watu 300 wamekoment wakiuliza bei. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu ile mipasuko, na huyo msee wa raba alikuwa amesimama juu yake. Huko ni kuuza mbuzi ndani ya gunia, na gunia lenyewe ni sisi.

Wateja hawaulizi kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna swali. Kuchimba shimo la mita mbili kwa ploti ni kazi ya vijana wawili na asubuhi moja. Muuzaji anayekataza shimo lichimbwe kabla ya kulipwa ameshakujibu.

Na nyinyi wa keja za kupanga, msidhani hii haiwahusu. Siku ya kuhamia, kabla hujapandisha godoro, piga picha kila ufa, kila kona ya dirisha, kila mlango usiofunga, na uzitume kwa keateka kwa WhatsApp siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Kuna wenye nyumba wanaokata dipoziti ya rangi kwa ukuta unaopasuka kila Aprili tangu ujengwe. Anayehama analipa filla, anayehamia anakuta ukuta unang'aa, na udongo chini unaendelea na shughuli zake.

Mvua fupi ziko mbele. Mathe ameninunulia rula ya chuma.